Vipande Viwili vya Nusu-Mwezi

Mpika, Zambia
9 Juni 2024

Kwako ndugu yangu Wendelin,

Pokea salamu zangu, wewe na wote walioko hapo Ngumbo. Mimi ni mzima kwa kiasi cha mtu wa miaka sabini na mitano: goti la kushoto halitaki ngazi, sikio la kulia lilibaki kwenye karakana ya reli, mengine yanakwenda. Huku ni baridi kali sasa. Alfajiri umande unaganda kwenye majani, nami nakaa karibu na jiko la mkaa na vitabu vyangu. Natumaini macho yako hayajazidi kuwa mabaya, na kwamba Dorothy amekupeleka kwa daktari kama alivyoahidi.

Barua yako ilinifikia wiki tatu zilizopita, maneno yako kwa mwandiko wa binti yako Dorothy. Nilicheka pale alipochomeka ya kwake pembeni: Shikamoo Baba Mkubwa, usimsikilize Baba, hiyo injini haigusi, ataikausha tena. Marahaba, mwanangu. Najua na hii ni wewe unayemsomea baba yako, kwa hiyo nakuomba jambo moja tangu sasa: usiruke mstari hata mmoja.

Umeniambia kwamba wajukuu wa marehemu Mzee Nathanieli wamebomoa ghala la kahawa kule Kitura, na chini ya mabati wakaikuta injini ya gari lake, lile la viti viwili na pua ndefu, ambalo boneti lake lote lilifunguka kuelekea mbele kama mdomo wa kiboko. Dorothy ameinunua aifunge kwenye boti lake la kubeba watu na mizigo kati ya Ngumbo na Mbamba Bay. Fundi wenu Praygod aliimwagia dizeli kwenye silinda wiki nzima, sasa inazunguka kwa mkono, na mnataka ianze kazi mwezi ujao. Unataka nikupe vipimo vyake na magonjwa yake, kwa kuwa mimi ndiye niliyeifungua mara ya mwisho. Ni kweli, mimi ndiye.

Vipimo kwanza. Silinda zake ni sita, zimepangwa mstari mmoja, na bloku pamoja na hedi ni chuma kizito cha kumimina. Muwe wanaume wanne wa kuinyanyua. Ujazo ni sentimita za ujazo 1998, yaani lita mbili kasoro kidogo sana. Upana wa silinda ni milimita 74.7 na mwendo wa pistoni ni milimita 76. Ikiwa mpya ilikuwa na nguvu za farasi mia moja hivi, lakini inazitoa ikifika mizunguko elfu tano kwa dakika, na boti la mbao halina haja na mizunguko hiyo. Msivuke elfu mbili na nusu. Plagi zinawaka kwa mpangilio wa 1, 5, 3, 6, 2, 4, ukihesabu kutoka mbele. Nafasi ya valvu ni robo milimita, injini ikiwa baridi. Oili ni lita nne na nusu. Nati na bolti zake zote ni za inchi. Spana za milimita zitakula kona zake.

Sasa magonjwa. Kabureta zake mbili zina ngozi nyembamba za mpira juu, ambazo kwa umri huu zimekwisha. Mkiziacha zilivyo mtapata injini inayokohoa bila sababu. Gasketi ya hedi hailipendi joto, na injini hii huchemka upesi ikipanda mlima. Ziwani hilo si tatizo, mradi pampu ivute maji safi, si mchanga. Ikilala usiku, oili hushuka yote kwenye sampu, lile bakuli la chini, na asubuhi utasikia beringi zikigonga kwa sekunde tatu au nne kabla oili haijapanda. Tafuteni chujio lenye valvu ya kuizuia isirudi. Wengi hudharau mlio ule kwa sababu unanyamaza wenyewe.

Lakini ugonjwa mkubwa wa injini hii uko pale krenkshafti, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, inapoishia nyuma. Kuna vipande viwili vyembamba vya chuma vyenye umbo la nusu-mwezi, kimoja kila upande wa beringi ya mwisho. Kazi yake ni moja tu: kuizuia krenkshafti isisogee mbele na nyuma. Dereva akikanyaga klachi, krenkshafti husukumwa mbele, na kipande cha nyuma ndicho kinachopokea uzito wote. Uso mmoja wa kila kipande ni laini kama bati. Uso wa pili una mistari miwili ya kupitisha oili, nao sharti utazame krenkshafti. Ukichakaa, kipande kinaanguka kwenye sampu, krenkshafti inatembea, na injini inanoki hata kama imejaa oili mpaka juu.

Dorothy, hapa msikilizane na Praygod. Propela ni kama mguu uliokanyaga klachi kutwa nzima bila kupumzika. Inausukuma mhimili, na mhimili unaisukuma injini. Msipoweka beringi ya msukumo kwenye mhimili wa propela wenyewe, vipande hivyo havitamaliza mwezi, na injini itasimama ikiwa imebeba watu, pengine mbali na ufuko, pengine upepo ukiwa umeamka. Halafu pimeni: sukumeni krenkshafti mbele kwa wenzo, muingize geji nyuma yake. Nafasi iwe sehemu kumi na tano hadi ishirini za mia ya milimita. Ikizidi thelathini na tano, msiiwashe.

Barua ya kwanza niliyoiandika iliishia hapo, na salamu. Niliiweka kwenye bahasha, nikaiacha mezani siku nne, kisha nikaichana.

Wendelin, umeniambia katika barua yako jambo ambalo hukuulizwa. Umesema vijana wa pale mwaloni, penye mitumbwi na samaki, bado wanakuita Mzee Kavu, na kwamba ukipita wanakuuliza kama umepima oili, nawe unawajibu kwamba ya kwao ndiyo imekauka, tena kuanzia kichwani. Mpaka hapo nilicheka. Kisha ukasema kwamba miaka hii yote umejaribu kuikumbuka asubuhi ya harusi ya Emiliana, binti wa Mzee Nathanieli, na kila ukijaribu huuoni mkono wako ukichomoa kijiti cha kupimia. Ukasema basi ni kweli, ulisahau, na mtu akishazeeka afadhali akubali.

Niruhusu nikukumbushe mimi. Ilikuwa Jumamosi ya mwaka 1977, uani kwa Mzee Nathanieli. Ulifungua boneti, ukachomoa kijiti, ukakifuta kwa pindo la shati lako jeupe, ukiwa umesahau kwamba lilikuwa la harusi. Emiliana alikuwa mlangoni amekwisha kuvaa. Akapiga kelele kwamba dereva wake anakwenda kanisani na doa, na wewe ukachomekea pindo ndani ya suruali ukamwambia doa la oili ndilo cheti chako cha udereva. Ukakirudisha kijiti, ukakitoa tena, ukanionyesha. Oili ilikuwa kwenye alama ya juu. Ulipima. Nilikuwepo, nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwako.

Injini nilikuwa nimeifunga mimi wiki iliyotangulia, na vipande vya nusu-mwezi vilikuwa vipya. Unajua ufundi wangu wa siku zile ulitoka wapi: nilikuwa fundi wa mashine za kumenya kahawa. Katika mashine zile, ringi ya mhimili huwekwa mistari ikitazama bodi ili ishike isizunguke, na uso laini hutazama mhimili. Nilifanya hivyo hivyo kwenye gari. Hakuna aliyeniambia vingine, na sikuuliza, kwa kuwa Mzee Nathanieli alikuwa akiwaambia wageni wake kwamba fundi wake haulizi.

Kwa mwendo wa kawaida wa barabarani gari lisingekufa siku ile. Lakini unakumbuka tulivyoshuka: wacheza mganda walitangulia na ngoma yao, na gari la bibi harusi haliwezi kuwapita wachezaji. Kila kijiji walisimama kusalimiwa. Saa mbili nzima ulikuwa ukikanyaga klachi, ukiachia, ukikanyaga, kwa mwendo wa mguu wa mtu, na kila ulipokanyaga chuma kilikuwa kinasaga chuma mahali ambapo oili haikuwa na mistari ya kupitia. Ikanoki kwenye kona ya tatu ya mteremko, na Emiliana akafika kanisani kule ziwani juu ya lori la magunia, gauni likiwa na vumbi la pumba.

Jumatatu niliifungua peke yangu ghalani. Oili ilitoka yote, lita nne na nusu, nyeusi, imejaa vumbi la chuma linalometameta. Kipande kimoja kilikuwa kimelala kwenye sampu. Cha pili kilikuwa bado mahali pake, mistari imetazama bloku, na nikaelewa papo hapo, kabla hata sijafuta mikono. Nikakiacha hapo hapo, nikalisukuma debe la oili ile nyuma ya magunia ya kahawa. Nilikuwa nakaza bolti ya mwisho ya sampu Mzee Nathanieli alipoingia, na wewe nyuma yake. Akachomoa kijiti, kikatoka kikavu. Akaniuliza oili iko wapi. Nikamjibu kwamba sikuikuta.

Ulinitazama. Nilitegemea utabisha, na ungebisha nadhani ningesema kweli, ingawa hilo ni rahisi kulisema leo. Badala yake ukasema labda ulipitiwa kwa pilikapilika za harusi. Ulikuwa unaniamini mimi kuliko mkono wako mwenyewe. Hakuna aliyekupa gari tena, Mbinga wala Songea, ukateremka kwa wajomba zako kuvua mbasa. Miezi miwili baadaye nikapata kazi ya reli, na nimekaa huku miaka arobaini na saba nikifunga injini za watu wengine kwa usahihi. Watu wa kwetu hudhani nilifuata mshahara.

Umeniandikia pia kwamba Praygod alimwambia Dorothy anashangaa, pistoni hazina mikwaruzo ya injini iliyokimbia bila oili, na kwamba mzee alikuwa na bahati. Haikuwa bahati. Praygod ni fundi mzuri. Angefungua, angebadili vipande, asingejua mkono wa nani uliviweka, na wewe ungebaki Mzee Kavu. Lazima pia niseme kwamba kama Dorothy angekuwa ameinunua kwa ajili ya kusaga mahindi, nisingeandika haya. Ni boti lililonilazimisha. Sitaki ulione kuwa jambo la ushujaa.

Sikuombi usahau, na kama hutajibu nitaelewa. Wasalimie wote nyumbani, na msalimie Emiliana kama bado mnaonana. Asomewe barua hii, nimekupa ruhusa, na vijana wa mwaloni pia.

Dorothy, asante kwa kusoma. Sasa chukua spana ya nusu inchi, umpe baba yako. Sampu ifunguliwe na yeye mwenyewe, wewe na Praygod mkiwa mmekaa pembeni. Macho hayahitajiki. Aingize mkono nyuma kabisa, akipate kipande kilichobaki, akitelezeshe nje, apitishe kidole gumba upande uliotazama bloku. Mistari ni miwili. Ataisikia.

Ndimi mwenzako wa zamani,
Placidi Kapinga