Wanatafuta Mke na Mume

Jumatatu, 3 Machi 2025
Tiffany amepiga! Yule wa ejensi ya kutafutia walimu kazi shule za kimataifa. Shule moja Muscat, kule Oman, inataka mwalimu wa Kiingereza na wa hesabu. Wamefurahi zaidi, anasema, kwa sababu sisi ni mke na mume.

Mke na mume? Nikaondoa simu sikioni nikaitazama. Akadhani mtandao umepotea, akakata.

Luseno anafundisha hesabu, mimi Kiingereza, na dawati lake ofisini linatazamana na langu. Tulituma maombi pamoja, kwa laptop yangu, anwani moja ya shule. Basi, ni hayo tu.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwambia Luseno. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Aliendelea kumenya chungwa, akasema tusimrekebishe Tiffany kwanza, tusikie shule inasemaje. Nikamkumbusha nyumba tutakayopewa na shule huko ni moja. Akasema anajua.

Anajua! Sasa anataka kazi, ama ananitaka mimi? Nimechoma chapati nikiwaza.

Alhamisi, 6 Machi
Mama amepita akitoka soko la Jericho, hapa Nairobi. Nimemweleza nusu. Aliuliza kitu kimoja: huyo Luseno husali kanisa gani? Hata hilo sijui. Kwani ofisini huwa naangalia nini?

Nimemwandikia Tiffany ukweli. Nikafuta. Nikaandika tena. Sijatuma.

Jumamosi, 8 Machi
Intaviu ilikuwa leo, hapa kwangu, mtaa wa Mbotela. Luseno alikuja na shati limepigwa pasi hadi mikono. Tuliketi kochi moja ili kamera itushike wote. Mwalimu mkuu wa Muscat ni mama mpole. Aliniuliza namsaidiaje mtoto asiyependa kusoma. Nikajibu vizuri — nilijisikia nikijibu vizuri!

Halafu akauliza tulioana lini.

Nikafungua mdomo niseme ukweli, hata kama tutakosa kazi. Luseno akanitangulia.

"Bado," akasema. "Ejensi ilikosea. Lakini nimekuwa nikitaka kumuuliza, hata kabla ya hii kazi."

Yule mama akaandika kitu kwenye karatasi yake. Kisha akasema nafasi bado zipo, tuongee kwanza sisi wawili, tumpigie Jumatatu.

Nimefunga laptop. Luseno hajaenda. Yuko pale kwa kochi, na mimi niko jikoni na hili daftari, eti napika chai. Aliniambia mimi, ama alimwambia yule mama ili tusikose kazi?

Anaita. Siku zote ni Mwalimu, Mwalimu. Sasa hivi ameita jina langu, "Wanja." Polepole, kama mtu anayejaribu jina hilo kwa mara ya kwanza. Naacha chai, naenda kumuuliza alikuwa akimwambia nani.