Setilaiti Iliyonyimwa Kustaafu

Daejeon, mwezi wa tisa

Kwako Dada Mi-suk,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini goti limepoa na mgahawa unakwenda vizuri. Sisi huku tu wazima wa mwili; zaidi ya hapo sina la kujivunia.

Huenda umesikia kwamba setilaiti yetu ya hali ya hewa imekufa. Unakumbuka ilijengwa ifanye kazi miaka saba. Huu ulikuwa wa kumi na mbili. Tangu ulipoacha kazi tulikuwa tunaibembeleza tu: betri haishiki chaji, mafuta yamebaki ya kulamba. Kila tulipomwomba Mkurugenzi Tak aizime, alituuliza, "Kwani imewaambia imechoka?" Bong-su, na utani wake uleule, alikuwa akifika asubuhi anauliza, "Bibi kaamkaje?" Nasi tulimjibu, "Kaomba uji."

Mwezi wa nane ulipoanza, kimbunga kilikuwa kinapita mbali, kusini ya kisiwa cha Jeju. Baba yake Bong-su akapiga simu kutoka kisiwani Wando. Alikuwa na shehena ya mwani, akataka kujua avuke au angoje. Nilikuwa meza ya pili. Nilimsikia Bong-su akimwambia, huku macho yake yako kwenye picha, "Vuka, Baba, njia nyeupe. Ila vaa jaketi la kuokolea, usijifanye kijana." Mzee alicheka hadi nami nikamsikia.

Kimbunga kilikuwa kimeshageuka. Mashua ilikutwa imepinduka. Mzee hajaonekana hadi leo. Bong-su husema ni bahari tu, hakuna aliyekosea. Hilo ndilo linalompa usingizi.

Sasa, Dada, nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Nilipewa kazi ya kuchunguza saa za mwisho za setilaiti. Kumbe ilikuwa imekwama tangu siku iliyotangulia ile simu, inaturudishia picha ileile, na mitambo yetu huku chini inaipa saa mpya. Aliyoitazama Bong-su ilikuwa bahari ya jana. Nilipomweleza mkurugenzi, alinisihi kwa upole nimwonee huruma kijana wa watu, ninyamaze. Sikuona huruma machoni mwake. Niliona mtu anayeogopa kuulizwa kwa nini hakuizima.

Jumapili ni ibada ya siku ya arobaini na tisa tangu mzee apotee. Ikiisha nitamwambia Bong-su, kabla hajayasikia kwa mwingine. Wewe ndiye uliyemfundisha kusoma picha zile. Njoo, Dada. Sitaweza kumtazama usoni peke yangu.

Nisalimie shemeji na watoto.

Ni mimi mdogo wako,
Hye-rim