Sehemu ya Saba ya Eosi

Dada Limi,

Mwangaluka. Najua hutaitikia, lakini nashindwa kukuandikia bila salamu yetu ya asubuhi.

Wanafunzi wako wa Kasoli wanataka hadithi yako iwe kitabu. Mwalimu mkuu ameniomba sehemu zote saba nilizokuchapia, nami nimekaa nazo wiki nzima, kwa sababu sehemu ya mwisho si yako.

Nakumbuka ulivyoniletea daftari la kwanza pale masijala, mikono yako ina vumbi la chaki. Ulisema Wagiriki wa kale walikuwa na mungu wa kike wa alfajiri, Eosi, na wewe umempa chombo cha anga, awapelekee asubuhi watu waliohamia miezi ya mbali isiyofikiwa na jua. Nilicheka. Kisha nikachapa mpaka nikasahau kula.

Katika sehemu ya saba, mtawala wa mmoja wa miezi hiyo alimwamuru Eosi asishushe asubuhi mpaka kibali kitoke. Naye akamjibu, "Asubuhi haisubiri sahihi yako." Nikatazama mlango wa bosi wangu, mafaili yamelala kwake wiki tatu yakisubiri sahihi, na kompyuta niliyoshika ni ya ofisi. Nikaandika: "Naomba radhi, mheshimiwa. Nasubiri maelekezo." Mengine yote nikayalainisha hivyo hivyo. Daftari nikalichana vipande vipande. Nikakuambia limelowa mvua.

Ulipoisoma nakala ile ulinitazama sana. "Mdogo wangu, huyu si mungu. Huyu ni karani." Tukacheka wote wawili. Ukasema utaiandika upya likizo.

Likizo ilikukuta wodini. Siku mbili nilikaa kando ya kitanda chako, neno liko mdomoni, nikazungumza habari za pamba. Pamba, Dada! Siku ya tatu sikukukuta.

Jana nilimwambia mama yako. Alikuwa anachambua pamba, hakuinua uso. Akauliza kama mwalimu mkuu anajua. Nikasema bado.

"Basi umeanza na mimi kwa kuwa sina mhuri, baba."

Nikakaa chini nikamsaidia kuchambua.

Nimejaribu kuirudishia sehemu hiyo maneno yako. Siwezi. Kila Eosi ninayemwandika anaomba ruhusa kwanza ndipo aseme. Nimeacha. Ukurasa utakuwa na mstari wako mmoja ninaoukumbuka, na chini yake nitaeleza kwamba mengine yaliharibiwa na mimi, kwa woga, kisha jina langu kamili. Bosi akisoma, asome.

Kesho nakwenda Kasoli kumwambia mwalimu mkuu. Ofisini sijaaga. Nikianza kuandika barua ya ruhusa, najijua, sitafika.

Pumzika, Dada Limi. Sikuombi unisamehe leo. Nakuahidi safari hiyo moja tu, na nitaifanya nikitetemeka.

Mdogo wako,
Masanja