Papa, Kwa Nini Hukumpa Mwamuzi Mkono?

Papa wangu,

Nimeolewa. Ni wiki tatu sasa, na bado majirani wakiniita "madame Justin" nageuka kutazama ni nani anayeitwa. Nina furaha mpaka naona haya kuiandika. Justin ana masikio makubwa kidogo ambayo asubuhi, akisimama mlangoni, yanapitisha mwanga wa jua, na mimi naacha chai ipoe nikiyaangalia. Utanisamehe. Raha hii ni mpya kwangu na sijaizoea.

Lakini sikuandikii ili kukusifia mume tu. Kuna swali lililokuwa linanitafuna tangu siku aliponiambia ananipenda. Mume wangu unamfahamu, Papa. Ni yule mwamuzi.

Unaukumbuka uwanja wa Munigi, wenye jiwe la volkano karibu na mlingoti wa kulia wa goli, ambalo sururu zenu zote zilishindwa kuling'oa? Wewe na rafiki zako mlichoka na ugomvi, mkatunga sheria: mpira ukigusa jiwe lile kisha ukaingia, si goli. Uliitangaza mwenyewe kanisani, baada ya matangazo ya ndoa, kwa sauti ileile ya kusoma somo. Nilikuwa mdogo, nikadhani imo katika Biblia.

Kila Jumapili baada ya misa nilikubebea thermos ya chai mpaka uwanjani. Wachezaji wa shirika letu, jumuiya yetu ndogo ya parokia, hawakugusa mpira kabla hujawasalisha. "Tusiombe kushinda," uliwaambia, "hata wale wengine wanaomba. Tuombe miguu isivunjike." Halafu mechi ikianza ulipiga kelele kuliko wote, na papa Anselme, rafiki yako wa tangu ujana, alikuvuta koti ukae.

Ndipo ikaja fainali ya sikukuu ya parokia, dhidi ya vijana wa mtaa wa Birere. Kaka Olivier alipiga mpira, ukagusa jiwe, ukaingia. Uwanja wote uliruka. Mwamuzi, kijana mwembamba tusiyemjua, akapiga filimbi na kutikisa kichwa. Ulivuka mstari, jambo ulilomkataza kila mtu.

"Wewe mutoto, uko na macho kweli?"

"Niko nayo, muzee," alikujibu polepole, mikono nyuma. "Na sheria ya jiwe ni yenu."

Watu walicheka, Papa. Hata papa Anselme alicheka. Tulipoteza kwa goli moja, na mwishoni, watu wote walipopanga mstari kumpa mwamuzi mkono, wewe ulipita mbele yake na mikono yako mfukoni. Jioni, katika sala ya nyumbani, tulipofika kwenye kusamehe wanaotukosea ulikohoa, ukaruka moja kwa moja kwenye Amina. Kabla ya mashindano mengine ukaugua, na hatukukuona tena uwanjani.

Mwaka jana skrini ya simu yangu ilivunjika, nikaipeleka kwa fundi mmoja kule Birere. Fundi aliniangalia muda mrefu kabla ya kufungua kisanduku chake. "Wewe ni binti ya muzee aliyeninyima mkono," akasema. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nikarudi kesho yake na simu nzima kabisa, nikimwambia ina kasoro.

Alipotaka kuja kwetu, aliogopa. "Nitaingia namna gani kwa nyumba ya mutu aliyekufa akiwa amenikasirikia?" Siku ya mahari baba mdogo alimpokea vizuri, lakini shangazi akasema mbele ya wageni, "Muzee angekuwa hai, huyu bwana angerudi na makasha yake ya bia." Watu walicheka tena, na Justin alicheka nao. Mimi peke yangu niliona kwamba hakugusa chakula. Hata baada ya arusi, kila akipita mbele ya picha yako aliinamisha macho.

Kwa hiyo nilitaka kujua. Je, ungemkubali? Tulipokwenda kuwashukuru wazee waliotusindikiza, nilirudi peke yangu kwa papa Anselme, nikamkuta dukani kwake akipanga misumari. Nikamuuliza bila kuzunguka.

"Baba yako?" akasema. "Siku ile tulitembea naye toka Munigi. Kufika kwa mulango, akaniambia, 'Anselme, ile but, goli ya Olivier, haikuwa but. Nimejipatisha haya.' Nikamwambia, basi turudi umupe mukono. Akasema, 'Leo hapana. Hasira ingali kwa uso, ataiona.'"

"Na kisha?"

"Kisha akanituma Birere, kuulizia jamaa ya yule kijana."

Nilikaa chini, Papa. Kwetu mtu hatumwi bure kuulizia jamaa ya watu. Anatumwa kwa ajili ya ndoa.

"Alisema, kijana anayeweza kunikatalia mbele ya rafiki zangu wote, na kwa heshima, ametoka kwa nyumba yenye malezi. Kama iko na binti, ninamutaka kwa Olivier."

"Ukakuta nini?"

"Wavulana sita, mutoto wangu. Hata musichana mumoja hapana. Nilipomuletea habari, alisikitika kweli. Akasema, 'Basi, hiyo njia imefungwa.'"

Nilicheka mpaka wateja wakageuka, kisha nikalia, na papa Anselme akanipa kitambaa chenye kutu ya misumari. Olivier yuko Kinshasa, ndege hazitui tena hapa tangu uwanja wa ndege ufungwe, kwa hiyo nilimpigia simu. Alisema anamshukuru Mungu kwa wale wavulana sita. Justin yeye, nilipomsimulia, aliweka bisibisi chini, akaniomba nirudie, nikarudia mara tatu. "Kwa hiyo aliitaka nyumba yetu," akasema, na siku ile akala sahani mbili.

Sasa nabaki na udadisi mwingine, na huu hakuna wa kunijibu. Papa Anselme alipokuletea habari ya wavulana sita, mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nafua mashati yako uani. Hukugeuza kichwa hata kidogo? Au ulinitazama, ukaona bado mtoto, ukanyamaza?

Vyovyote vile, Papa, nimeingia katika nyumba uliyoitaka. Shemeji zangu watano wanabishana kuhusu mpira tangu asubuhi, na mama mkwe ananiita binti, kwa sababu hakuwahi kupata wake.

Pumzika salama.

Binti yako wa mwisho,
Furaha