Urefu wa Baba

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kabla sijaishiwa na ujasiri. Hujambo huko kazini? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi tu wazima, isipokuwa goti la Mama, ambalo siku hizi hutangaza mvua kabla ya redio. Anakusalimu sana na anauliza kama unakula vizuri. Nimemjibu kwa niaba yako kwamba unakula, kwa hiyo tafadhali kula.

Likizo hii sikukaa bure. Mwalimu wa biolojia alinichagua niende chuoni wiki mbili, kwenye mafunzo ya utangulizi ya kuchunguza mifupa ya marehemu wasiojulikana. Unanijua nilivyo, siku ya kwanza nilijificha nyuma ya daftari. Anayefundisha ni mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya chini. Wanafunzi humwita Bibi Mifupa, naye huitika. Marehemu wake wamo kwenye maboksi marefu yenye namba, na kabla ya kufungua boksi hugonga kifuniko kwa kidole, kama anayepiga hodi. Siku ya kwanza tulicheka. Siku ya tatu sote tulikuwa tunagonga.

Alitufundisha kwamba nyonga hueleza kama mtu alikuwa mwanamke au mwanamume, na kwamba mfupa wa paja ukilazwa kwenye ubao wa kupimia, urefu wa mwenyewe hukadirika. Mwenzetu mmoja akasema marehemu wake anaonekana alikuwa mpole. Bibi Mifupa akamwambia aandike alichopima, upole awaachie waliomjua.

Wiki ya pili alitugawia nakala za fomu za watu waliopotea, majina yamefunikwa, tuzilinganishe na maboksi. Kaka, yangu ilikuwa na mwandiko wako. Zile herufi zinazolalia kushoto kama zimepigwa na upepo, nani asizijue? Fundi rangi, miaka arobaini na miwili, jino la mbele limemeguka. Urefu: sentimita mia moja tisini na moja. Nimesimuliwa jinsi Baba alipopotea Mama alivyokuwa hawezi kuinuka kitandani, ukaenda kituo cha polisi peke yako, na miaka yako kumi na mitatu.

Jioni, Mama akikunja nguo, nilimuuliza kwa kuzunguka Baba alikuwa mrefu kiasi gani. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema Baba alikuwa akimfika sikioni, na siku ya picha ya harusi alipanda juu ya kopo la rangi, akamwapisha mpiga picha asimwambie mtu. “Kirefu chake kilikuwa mdomo,” akasema. Kisha akakunja shati lile lile mara mbili.

Kesho yake nilimweleza Bibi Mifupa. Hakunibembeleza. Aliuliza, akaandika, akaenda kwenye rafu. Kwa miaka kumi walikuwa wanatafuta jitu. Kumbe palikuwa na boksi la mwanamume wa sentimita mia na sitini na kitu, jino la mbele limemeguka, ambaye wafyeka nyasi walimkuta korongoni chini ya barabara miaka saba iliyopita. Fomu yetu ndiyo iliyomkataa. Akasema jino na urefu havitoshi, lazima vipimwe vinasaba: nipanguswe ndani ya shavu kwa pamba, na kwa kuwa sijafikisha umri, mzazi asaini.

Sasa naungama. Nilimpelekea Mama karatasi ile nikamwambia ni ruhusa ya shule. Hakuwa na miwani. Alisaini huku akinitania kwamba shule yetu inapenda karatasi kuliko kufundisha. Sikutaka kumpa tumaini kisha nimnyang'anye. Lakini uongo ni uongo, na huu umenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Majibu yalitoka Jumatatu. Ni Baba.

Najua unamwita “yule mtu”, na uliapa kutorudi kwenye nyumba aliyoikimbia. Kaka, hakuikimbia. Mguu na mbavu zilivunjika alipoanguka, wala hazikupata muda wa kuunga. Bibi Mifupa anasema mfupa hausemi mtu alikuwa anaelekea wapi. Basi nimekwenda kupaona mwenyewe. Alikuwa akifanya kazi ng'ambo ya mto, na korongo lile liko upande wetu. Daraja alikuwa ameshalivuka.

Usijilaumu kwa ile namba. Ulikuwa mtoto, ulikuwa unamtazama kutoka chini. Niliomba isifutwe, nikaambiwa pale hawafuti kitu. Hukata kwa mstari mmoja ili cha zamani kisomeke. Pembeni Bibi Mifupa ameandika mia moja sitini na nne, na yako bado inasomeka vizuri.

Mama hajui lolote. Cheti cha majibu nimekificha ndani ya kitabu cha kemia. Kumwambia peke yangu siwezi. Nimemweleza tu kwamba unakuja Jumamosi, na tangu asubuhi anafua mashuka ya chumba chako. Nakuomba huo usiwe uongo wangu wa pili.

Wasalimie wenzako wote wa kazini, na Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kimya