Mkwe Sikioni mwa Mama Kabula

Mwaloni, Kirumba,
Mwanza.

Mke wangu Bibi Nyabise,

Shikamoo. Nakuandikia nimekaa juu ya kreti ya samaki niliyoipindua, macho yananiwasha kwa usingizi, lakini mumeo bado kijana mtanashati, usije ukaniacha. Magoti yanasemaje? Kile kikohozi kimehama au kimejenga kabisa? Na kuku wangu mwekundu yupo, au mmemla mkasingizia kicheche? Na wewe Nyangeta, binamu yangu unayemsomea bibi, soma yote kama nilivyoandika. Usiruke pale ninapokusema.

Mimi mzima, ila nimechoka. Kubeba sangara hakujawahi kunichosha hivi. Kinachonimaliza ni kitu kidogo kama kipande cha sabuni ya mche, kinaitwa simu ya mkononi. Haina waya. Nyangeta, mwambie bibi haina waya, na wewe acha kuguna.

Si yangu, ni ya Mama Kabula, yule mama wa Misungwi anayenunua na kuuza samaki hapa Mwaloni, tajiri wangu. Matajiri wa samaki siku hizi wananunua simu ili wajue bei mapema. Yeye hakuinunulia bei. Mumewe, Mzee Masalu, alikuwa na kidonda mguuni kilichokataa kupona, akapelekwa Dar kwa treni. Huko anauguzwa na mkwe wao, mume wa Kabula, anayefanya kazi bandarini. Kabula mwenyewe amejifungua juzi juzi, hawezi kushinda hospitali. Madaktari wakasema Mzee lazima apasuliwe, na hawakuahidi kama ataamka. Mama akasema, "Kukaa hapa nasubiri barua, siwezi." Akaenda mjini akarudi na simu, namba yake akamtumia Kabula kwa telegramu.

Sasa nani wa kuiwasha? Kitabu chake ni Kiingereza kitupu. Nikasema leteni hapa, mimi nimefika darasa la sita na mwalimu wa Kiingereza alikuwa ananiogopa. Nilifuata picha, Bibi, lakini nilikuwa natingisha kichwa kama padri. Unafungua mgongo wake, unatoa betri, unachomeka kadi ndogo kama ukucha, ile kona iliyokatwa ikae kwenye kona yake. Unarudisha betri mpaka isikike ka! Halafu huiwashi. Unaichaji kwanza mpaka ishibe. Chumba changu hakina umeme, basi nikaipeleka kwa kinyozi, nikakaa kwenye kiti kuilinda. Akataka kunifukuza, ati nazuia wateja. Nikamwambia ninyoe. Alipomaliza ilikuwa bado haijashiba, nikamwambia ninyoe tena. Ndiyo maana sasa nina upara, wasije wakakwambia nina chawa.

Ikataka namba ya siri. Nikaweka ule mwaka tuliokukisia wewe kuzaliwa. Hata wewe mwenyewe huujui, mwizi ataujulia wapi? Ukikosea mara tatu inajifunga, mpaka urudi mjini kuwabembeleza waliokuuzia. Kwa hiyo hakuna mtu anayeigusa. Nimeitia kwenye mfuko wa nailoni nikaivaa shingoni, maana hapa maji ya samaki yanaruka kila upande. Wanakuja wakubwa kabisa, "Magesa, niazime nipige mara moja." Nawaambia hata Rais akija atanikuta na jibu hilo hilo.

Ila huku chini haishiki mtandao. Inashika juu ya lile jiwe kubwa nyuma ya banda la barafu, basi. Kazi yangu ikawa kukaa juu ya jiwe kutwa kama mjusi, jua linanipiga utosini, na huo utosi sasa hauna nywele. Wabebaji wenzangu wakipita wananizomea.

"We Magesa! Yai limeanguliwa?"

"Bado. Likianguliwa nitakuletea kifaranga, kwako hakuna hata manyoya!"

Nacheka nao, lakini nilikuwa nimechoka, Bibi. Mama Kabula alikuwa anapanda kila mchana na ugali wangu kwenye bakuli. Anakaa pembeni, anaangalia ziwa, anauliza, "Bado?" Namjibu, "Bado, mama." Yeye mwenyewe hali chakula. Amekonda mpaka kanga inamzunguka mara mbili.

Siku moja simu ikalia. Mama yupo hapo hapo. Nikavuta antena, nikabonyeza, nikampa. Tulidhani ni Kabula.

"Kabula? Mwanangu?" Halafu uso ukabadilika. Akaitoa simu sikioni kama kaa la moto, akaitupa mapajani mwangu, akajifunika kanga kichwani, akanipa mgongo.

"Mama, vipi?"

"Ni mkwe!"

"Si umsikilize?"

"Nitamsikilizaje? Kaingia sikioni! Anapumua humu ndani!"

Kwao ni kama kwetu, Bibi. Wewe ukimwona baba, mkweo, anakuja ulikuwa unatokomea kwenye mihogo mpaka apite. Juu ya jiwe hakuna mihogo. Nikaweka simu sikioni mwangu.

"Haloo, shikamoo kaka. Hapa ni Magesa, kijana wa Mama."

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

"Yupo. Amekugeuzia mgongo."

"Ni haki yake. Mimi mwenyewe natoka jasho. Mpe shikamoo yangu. Mwambie kwanza Mzee yuko hai."

Nikamwambia. Mabega yakashuka.

"Halafu?" akauliza, bado kageuka.

Yule kaka akaniambia iliyobaki.

"Kasemaje? Magesa! Usinipambie, kasemaje?"

"Mguu wa kulia wameukata, mama. Juu ya goti."

Nilisikia mashine ya barafu inavyonguruma kule chini. Akasema bila kugeuka, "Muulize, Mzee analia?"

Nikauliza. Kumbe simu ile waliazimwa na mgonjwa wa kitanda cha jirani, na Mzee alikuwa hapo hapo. Mkwe akamsogezea. Nikasikia sauti nyembamba, kama ya mtu aliye ndani ya mtungi: "Nani anauza samaki?"

"Mama, geuka," nikasema. "Mwenyewe huyu."

Akainyakua simu. Kisukuma changu ni cha kununulia samaki tu, lakini kugombeza nakujua kwa lugha yoyote, na alimgombeza. Machozi yanashuka, yeye anagombeza. Ameuliza kama anakula, hilo nililishika. Kisha ikalia tii, ikakatika, nadhani mwenyewe aliitaka simu yake. Mama akaendelea kuishikilia sikioni.

Jana ameondoka na treni kumfuata. Nilimsaidia kufunga mzigo. Akatia mashati ya Mzee, shuka, na viatu vyake vya kanisani. Nikaviona viatu vyote viwili. Akaviona na yeye. Akakitoa cha kulia, akakifuta vumbi kwa kanga, akakirudisha pale pale kando ya mwenzake, akafunga kamba.

Mimi ndiye nimeachiwa simu na samaki wote. Mnijivunie, basi, ila nionee huruma kidogo mke wangu.

Msalimie mjomba mwenye ng'ombe, na shangazi wa ng'ambo ya mto, na katekista wetu, mwombe amtaje Mzee Masalu Jumapili. Nyangeta, umesoma vizuri, wewe sikusalimii.

Naishia hapa, jua limeshapanda na jiwe linaningoja. Mama alisema akifika tu atapiga.

Mumeo mwenye upara,
Magesa.