Nani Alikuomba Uliue Jitu Langu?

Jumapili, Julai 2015. Albert Park, Durban. Jua lipo, lakini upepo unatoka baharini kwa fujo na dirisha la jikoni linajigonga tangu asubuhi. Nimeliacha lijigonge.

Nina hasira. Atakayesoma avumilie.

Mume wangu ameniulia jitu langu.

Ngoja nianze vizuri, maana mtu asiyejua atadhani nimechanganyikiwa. Hapa nyumbani tuna mashine ya gemu. Héritier, huyo mume wangu Mkongo, hutengeneza simu na mashine kama hizo, na mwenye hii hakurudi kuichukua. Ndani yake kuna gemu moja ya mapanga, wachawi na majitu. Unamwongoza askari wako katika nchi iliyolaaniwa, na kila kiumbe humo kinataka kukuua. Nilianza kuicheza Aprili, zile wiki ambazo sisi wageni tulijifungia ndani kwa kuogopa waliokuwa wakitushambulia, na salon ya Isipingo ninakosuka nywele ikafungwa. Nilikuwa nakaa tu nikisikiliza kelele za barabarani. Siku moja nikashika pedi ya kuchezea ili mikono ipate kazi.

Sikujua kitu. Mama Gloria, Mrundi tunayeshirikiana naye fleti, analala upande wa pili wa pazia. Kila akisikia ule mlio wa kufa alikuwa anauliza, "Noela, umekufa tena?"

Nilikuwa nimekufa tena.

Sasa kwa kuwa nimeshakasirika, acha hasira yangu imfae mtu. Wewe unayeanza gemu za namna hii, nisikilize. Usichague kuwa mchawi kwa sababu umependa joho lake. Mchawi ana moto mkononi lakini kofi moja linamlaza. Chukua ngao. Usivae chuma kizito kabla askari wako hajapata nguvu, maana ukitaka kukwepa utabingirika kama gunia la unga. Usibonyeze kitufe cha kupiga kama anayebisha hodi kwa mdeni, pumzi ya askari itakwisha na adui ndipo anapokuingia. Piga mara mbili, rudi nyuma, vuta pumzi. Na dawa zako zinywe! Mimi nilikuwa nazitunza kama zile sahani za kabatini zinazongoja wageni. Nikafa begi limejaa.

Na usione haya kufa. Gemu hii haina mwalimu mwingine.

Halafu kuna daraja. Juu ya daraja kuna jitu lenye nyundo, na usipolishinda hupiti. Lilinisaga majuma mawili. Kila nikitoka salon, nikishaoga na kula, nakwenda kusagwa. Lakini msusi anaishi kwa kutazama, na mimi nililitazama jitu lile kuliko ninavyomtazama mtu yeyote. Nikagundua kwamba kabla ya kupiga kwa nguvu, bega lake la kushoto hushuka kidogo. Hapo unapita chini ya mkono wake, unalipiga mgongoni. Hakuna aliyeniambia. Maandishi yote ya gemu ni Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kuombea chumvi. Bega nililiona kwa macho yangu.

Ijumaa nililibakizia uhai kama kipande cha ukucha. Leo wakati wa mahubiri, Mungu anisamehe, nilikuwa nawaza bega la kushoto.

Baada ya ibada tulikwenda Glenwood na kina mama wa kwaya kumwona mzazi na mtoto wake mchanga. Nilibeba mtoto, nikaimba, nikala, na moyoni najua leo ndiyo leo. Nimefungua mlango, namkuta Héritier kwenye kochi, pedi mkononi, meno yote nje.

"Chérie, nilishamuua ule mutu ya marteau! Sasa njia iko libre, endelea tu mbele."

Nilisimama na pochi begani. Kwenye kioo daraja lilikuwa tupu. Askari wangu amesimama peke yake, na gemu hii hujihifadhi yenyewe, ina nafasi moja tu, huwezi kurudi nyuma. Jitu likifa limekufa.

"Heri, nani alikuomba?"

"Nilitaka kukusaidia. Ulikuwa unateseka bure."

"Nani alikuomba?"

"Eish, Noela! Juu ya jeu tu ndiyo unakasirika hivi?"

Nyuma ya pazia Mama Gloria akasema, "Nilimwambia asiguse!"

Gemu tu. Sawa. Basi na tuseme ni gemu tu.

Héritier ni mtu mwema. Naliandika hili kwa shingo upande, lakini ni kweli. Zile siku za Aprili yeye ndiye aliyekuwa anatoka kutafuta mkate, mimi nikibaki nimeegemea mlango hadi nisikie hatua zake. Sikatai. Ila msaada wake hauna breki. Kliniki, nesi ananiuliza mimi maumivu yalianza lini, anajibu yeye. Nilikuwa nimeelewa swali! Nilikuwa nalipanga jibu kichwani, neno la kwanza limeshafika mdomoni, yeye keshamaliza na nesi keshaandika. Ofisi ya makaratasi, anajibu yeye. Mwenye nyumba akipiga simu yangu, simu yangu mimi, ananyoosha mkono nimpe. Nimekaa mji huu miaka minne, na kule salon nabishana na wateja kwa Kizulu hadi wanacheka, lakini nikiwa na mume wangu nageuka mzigo ulioandikwa usikunjwe.

Jitu lile lilikuwa langu. Lilinipiga mimi. Sikuwahi kumweleza hivyo, ni kweli, lakini kitu cha mtu unakijua kwa kumwona anavyokishika.

Akaona sijakaa bado. Akaja na dawa mbaya kuliko ugonjwa: "Sharp, basi. Nitakuanzishia upya. Kufika mercredi, hii Jumatano, nitakuwa nimekufikisha pale pale kwa daraja."

Nilicheka. Kicheko kilitoka vibaya, hata mimi kilinitisha.

Nikachukua pedi. Nikamfuta askari wangu, yule niliyemlea tangu Aprili, pamoja na ngao na dawa na njia zote alizofungua. Héritier akapiga kelele kama nimetupa sufuria ya chakula dirishani. "Umefuta yote? Noela! Yote?"

Yote.

Gemu ikauliza jina la askari mpya. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mara ya kwanza aliyeandika jina alikuwa yeye, haraka haraka, ili nisipate tabu ya kutafuta herufi. Miezi yote hii nimekuwa nikiuawa kwa jina la MADAME HERI.

Safari hii nimetafuta herufi mwenyewe. N. O. Nikapitiliza, nikarudi. E. Héritier akanyoosha kidole kunionyesha L ilipo. Nikamtazama. Kidole kikabaki hewani kidogo, kisha akakishusha, akakikalia.

L. A.

Sasa yuko jikoni, anasonga fufu ambayo hakuombwa, na kwa harufu ninayoisikia inaungua. Sijainuka. Nitamsamehe, najijua, lakini si leo. Jitu limeshafufuka, liko darajani na uhai wake wote, na kati yangu nalo kuna nchi nzima iliyolaaniwa. Kesho nikishuka kwenye taksi ya Isipingo nitaoga, nitakula, nitaanza safari.

Likiniua, liniue mimi.